Mwanamitindo, Hafla ya Hisani na Robota la Gikomba

Jumatatu ya kwanza ya Mei 2025, hafla ya Met Gala ilikusanya dola milioni 31 kwa usiku mmoja jijini New York, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Tiketi ya mtu mmoja iliuzwa dola 75,000 na meza ilianzia dola 350,000. Picha za wanamitindo wakipanda ngazi za Jumba la Makumbusho la Metropolitan zilisambaa dunia nzima kabla hakujapambazuka. Anayesikia kwamba ile ni hafla ya hisani huenda akadhani fedha zile zinawaendea wagonjwa, mayatima au wakimbizi. Hapana. Zinakwenda kwenye idara ya mavazi ya makumbusho yale: kutunza nguo za kale, kuandaa maonyesho, kulipa wataalamu. Hafla hiyo ilianzishwa mwaka 1948 kwa kazi hiyo hiyo, na haijamdanganya mtu. Ila inatukumbusha kwamba neno hisani hubeba mambo mengi, na kwamba anayepiga makofi anapaswa kujua anapigia nini.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halipiti mbali. Kutoka kwetu wametoka wanamitindo waliozipamba hafla hizo. Kwetu huletwa sehemu ya misaada inayochangishwa kwa jina lao. Kwetu pia hushushwa marobota ya nguo ambazo walionunua mitindo ile wamezichoka. Tunasimama mwanzo na mwisho wa safari ya vazi, na aliyesimama mwisho ndiye anayeona vizuri kilichobaki. Kwa hiyo hisani ya mwanamitindo na madai yake ya kuvaa mitindo endelevu tuyapime kwa mambo matatu: nani amelipa, nani amepokea, na nini kimebaki taa zilipozimwa.

Usiku nao ni kazi

Mtazamaji huona starehe: gauni, vito, tabasamu, glasi mkononi. Kwa mwanamitindo, mwaliko wa jioni ni sehemu ya ajira isiyo na mshahara wa wazi. Mara nyingi gauni ni la kuazima na hurudishwa kwa mwenyewe baada ya hafla, vito vilevile. Anachobaki nacho ni kuonekana: picha inayoweza kumletea tangazo la manukato au mkataba wa vipodozi mwezi unaofuata. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na katika kazi hii maneno yao yana uzito wake. Anayevaa hamiliki alichokivaa, mara nyingi hakukichagua, na huenda hajui kilishonwa na nani.

Kwa msichana anayeanza, mwaliko hauna hiari kubwa. Wakala wake humlipia nauli, kitanda katika nyumba ya wanamitindo na picha za albamu, kisha huziandika gharama hizo kama deni litakalokatwa kwenye malipo ya kazi zijazo. Kazi zisipokuja, deni hubaki. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliripoti habari za vijana waliochukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, wakapelekwa Ulaya kutafutiwa kazi za mitindo. Baadhi walirudishwa kambini baada ya muda mfupi, wakiwa na deni la maelfu ya yuro kwa mawakala waliowapeleka. Kambi ileile ndiyo alikozaliwa mwanamitindo Halima Aden na alikokulia mwenzake Adut Akech, majina ambayo kila mkuzaji wa vipaji huyataja anapotaka kumshawishi kijana mwingine apande ndege.

Mtu mwenye deni kwa wakala hawezi kuuliza fedha za mnada wa usiku zinakwenda wapi, wala gauni limetoka kiwanda gani. Ndiyo maana haki za wanamitindo haziwezi kutenganishwa na mjadala wa mitindo endelevu. Jimbo la New York lilionyesha njia: sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 na kuanza kutumika Juni 2025 inawataka mawakala wajisajili, wampe mwanamitindo nakala za mikataba yake, na wasikate kamisheni ya zaidi ya asilimia 20. Uendelevu unaohesabu maji na pamba ukamsahau binadamu aliyevaa vazi ni nusu ya hesabu.

Fedha huishia wapi

Mfano unaofundisha zaidi ni wa shirika la hisani la Fashion for Relief. Mwanamitindo Naomi Campbell alilianzisha mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans. Kwa miaka mingi liliandaa maonyesho ya mavazi yaliyojaa nyota, Cannes na London miongoni mwa miji mingine, kwa ajili ya waathirika wa maafa na watoto wenye shida. Tume ya Mashirika ya Hisani ya Uingereza ilifungua uchunguzi mwaka 2021, na ripoti yake ya Septemba 2024 ilisema kwamba kati ya Aprili 2016 na Julai 2022 ruzuku zilizokwenda kwenye kazi za hisani zilikuwa asilimia 8.5 tu ya matumizi yote. Campbell alizuiwa kuwa mdhamini wa shirika la hisani kwa miaka 5. Mwenyewe alisema hakuwa na udhibiti wa uendeshaji wa taasisi hiyo, na akakata rufaa.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ya mafunzo yake, si kwa kumhukumu mtu mmoja. Hafla ya mitindo ni ghali kwa asili yake. Kuna ukumbi, jukwaa, taa, ndege, hoteli, ulinzi, watengeneza nywele, wapiga picha. Gharama hizo hulipwa kwanza, mlengwa husubiri. Na kwa kuwa jina kubwa ndilo linalouza tiketi, wageni hawaoni haya kulipa, ila huona haya kudai hesabu. Tunasema kutoa ni moyo. Ni kweli, lakini moyo hauandiki vitabu vya fedha. Mwanamitindo anayekubali jina lake liwe juu ya bango amekubali pia kuwajibika kwa kilichoandikwa ndani ya vitabu hivyo, hata kama kalamu ilishikwa na mtu mwingine.

Desturi hii tunayo na sisi. Chakula cha jioni cha hisani katika hoteli ya Nairobi au Dar es Salaam hufuata mpango uleule: mshereheshaji, onyesho la mavazi, mnada wa mchoro, mfano mkubwa wa hundi unaoshikwa na watu watano mbele ya kamera. Tumetoka katika utamaduni wa harambee, ambamo majina ya waliotoa husomwa hadharani pamoja na kiasi walichotoa. Kinachokosekana mara nyingi ni siku ya pili, siku ya kusoma jinsi kilivyotumika. Msomaji wa kawaida hukumbuka nani alivaa nini, na hana mahali pa kuangalia madawati yalifika shule gani.

Wapo waliochagua njia nyingine. Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania katika Miss Universe mwaka 2007 na akafika kumi bora akiwa na kichwa kilichonyolewa, kisha akafanya kazi New York. Mama yake alikufa maji katika ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 1996, Flaviana akiwa bado mtoto. Taasisi aliyoianzisha mwaka 2011 inashughulika na elimu ya wasichana: ada, vifaa vya shule, na mambo yanayomfanya msichana abaki darasani. Hiyo ni kazi ya kila muhula, na haiwezi kumalizika kwa usiku mmoja.

Happiness Magese, anayejulikana pia kama Millen, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, alisimama na kueleza hadharani mateso yake ya endometriosisi, ugonjwa ambao wanawake wengi waliuvumilia kimya wakiambiwa maumivu ya hedhi ni ya kawaida. Mwanamitindo Waris Dirie wa Somalia alifanya hivyo mwaka 1997 alipoeleza jinsi alivyokeketwa akiwa mtoto. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulimfanya balozi maalumu wa kupinga ukeketaji, na mwaka 2002 akaanzisha taasisi yake. Watu hawa watatu wanafanana kwa jambo moja: hisani yao ilianzia kwenye jambo lililowapata wenyewe. Hawakukabidhiwa mada na mwandaaji wa hafla. Na mtu aliyepatwa na jambo haliachi kirahisi wapiga picha wanapoondoka.

Gauni moja na mamilioni ya fulana

Tugeukie vazi lenyewe. Katika miaka ya karibuni zulia jekundu limekuwa uwanja wa kutangaza mavazi endelevu. Mwaka 2016 Emma Watson alifika Met Gala na vazi la Calvin Klein lililofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa, likashonwa vipande vipande ili suruali na sehemu nyingine ziweze kuvaliwa tena. Mwaka 2018 Cate Blanchett, akiwa rais wa majaji wa tamasha la Cannes, alivaa gauni la Armani alilokwisha kulivaa mwaka 2014. Hao ni waigizaji, na walikuwa na uwezo wa kuchagua. Mwanamitindo anayevishwa na chapa ana nafasi finyu zaidi, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha kipya.

Kurudia nguo hadharani kuna faida. Kunamwondolea aibu msichana wa kawaida anayedhani amekosa adabu kwa kuvaa gauni moja kwenye harusi mbili. Huku kwetu aibu hiyo ina nguvu: kila send-off na kila kitchen party ina sare yake, kitambaa hukatwa, fundi hulipwa, na baada ya siku moja nguo hukunjwa kabatini. Mwanamitindo akivaa kitenge cha mwaka juzi mbele ya kamera amefanya jambo la maana kuliko hotuba ndefu.

Hata hivyo gauni moja halipimi kiwanda. Taasisi ya Ellen MacArthur ilieleza mwaka 2017 kwamba uzalishaji wa nguo duniani uliongezeka takribani maradufu katika miaka 15, na kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurejelezwa kuwa nguo mpya. Chapa inaweza kushona gauni moja la plastiki iliyorejelezwa kwa ajili ya jukwaa, huku ikiuza mamilioni ya fulana zitakazovaliwa mara chache. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, lilianguka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Washonaji hao hawajawahi kuwa na meza kwenye hafla ya tiketi ya dola 75,000. Mwanamitindo anayeitwa balozi wa mitindo endelevu ana haki, na wajibu, wa kuuliza mshonaji wa chapa hiyo analipwa kiasi gani na nguo zisizouzwa hupelekwa wapi. Asipopata jibu, amekodiwa kuwa pazia.

Robota linapofunguliwa

Sasa tuje mahali ambapo hisani na mitindo hukutana bila zulia. Mtu wa London au Toronto akipeleka nguo zake kwenye duka la hisani, huamini amemvisha maskini. Nguo bora huuzwa palepale. Nyingi ya zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, hufungwa kwenye marobota ya takribani kilo 45, hupakiwa melini na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Hapo kwenye mizani sadaka imekwisha kuwa bidhaa. Mwaka 2019 Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za mitumba.

Kule Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, mfanyabiashara hununua robota bila kulifungua. Akilifungua, wateja wa mapema huchagua kamera, nguo za daraja la kwanza. Mwisho hubaki fagia, ambazo huuzwa kwa bei ya chini kabisa au hutupwa. Robota baya linaweza kula mtaji wa mama mmoja. Ripoti ya mwaka 2023 ya Changing Markets Foundation ilidai kwamba zaidi ya theluthi moja ya nguo zilizokuja Kenya zilikuwa na nyuzi za plastiki na hali mbaya kiasi cha kuwa taka mara tu zilipofika. Wafanyabiashara wa mitumba waliipinga, wakisema hakuna mtu mwenye akili anayelipia taka nauli ya bahari. Pande zote mbili zina hoja. Lakini matambara yaliyosongamana kando ya Mto Nairobi na moshi wa jaa la Dandora vinaonekana kwa macho, na gharama yake haimo kwenye ankara ya mtu yeyote.

Wala tusiseme mitumba ni ubaya mtupu. Inawavisha mamilioni ya watu kwa bei wanayoimudu. Inawalisha wabebaji, wapigaji pasi, wauzaji wa mtaani na mafundi cherehani wanaopunguza kiuno cha suruali mteja akisubiri. Ukitafuta watu wanaoishi kwa kanuni za mitindo endelevu, yaani kutumia tena, kurekebisha na kutotupa, utawakuta kwenye masoko ya Toi, Karume na Manzese, na hakuna aliyewapa tuzo. Tatizo ni kwamba wao hawaamui kitakachoingia ndani ya robota.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vipumue. Chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani kililalamika kwa serikali yake mwaka 2017, na suala likawekwa kwenye mizani ya AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Kilichoanza kama sadaka kwenye duka la hisani kilitetewa mwishoni kama haki ya kibiashara. Hakuna hafla ya mitindo itakayozungumza kwa ukweli juu ya uendelevu ikiuruka mkasa huu.

Kinachobaki baada ya makofi

Swali gumu ni je, kuna hisani ya mitindo inayoacha kitu kinachosimama chenyewe? Ipo. Liya Kebede wa Ethiopia, mwanamitindo aliyefanywa balozi mwema wa Shirika la Afya Duniani kwa afya ya mama na mtoto mwaka 2005, alianzisha chapa ya lemlem mwaka 2007. Aliona wafumaji wa pamba wa nchi yake wakipoteza soko. Badala ya kuwachangishia, aliwapa oda. Oda inamheshimu mfumaji kwa namna ambayo msaada hauwezi: inadai ubora, inalipa kwa kazi, na ikirudiwa inamwezesha kupanga mwaka wake.

Njia hiyo ilifuatwa pia na Ethical Fashion Initiative ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa, iliyoanza mwaka 2009 kwa kuwaunganisha mafundi wa Kenya, wakiwemo wa mtaa wa Korogocho, na wabunifu wakubwa kama Vivienne Westwood, aliyetengeneza nao mikoba ya vitambaa na vifaa vilivyokwisha tumika. Ann McCreath, aliyeanzisha chapa ya mavazi ya KikoRomeo jijini Nairobi mwaka 1996, aligeuza jukwaa la mavazi kuwa mahali pa kuhubiri amani baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Dar es Salaam ina Swahili Fashion Week, iliyoasisiwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, ambako mbunifu wa hapa huonyesha kazi yake bila kusubiri mwaliko wa Paris.

Na nyuma ya majukwaa yote kuna pamba. Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wamelima pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Mkulima wa Kanda ya Ziwa huuza pamba, kisha hununua fulana ya pamba iliyovaliwa na mtu mwingine bara jingine. Hapo ndipo sauti ya mwanamitindo wetu ingekuwa na uzito mkubwa kuliko kwenye mnada wowote: kuvaa, na kueleza anavaa, nguo ambayo pamba yake, ufumaji wake na ushonaji wake vinajulikana vilifanyika wapi na kwa malipo gani.

Mtu anaweza kupinga kwamba nadai mengi kwa vijana ambao wengi wao wanahangaikia kodi ya nyumba. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo wa kwanza uwe juu ya waandaaji na chapa, wenye fedha na mikataba. Mtu mwingine atasema bora asilimia 8.5 ifike kuliko sifuri. Siwezi kukubaliana naye. Kila hafla inayokula michango inachoma pia imani ya wachangiaji, na anayelipia hasara hiyo ni shule au hospitali itakayoomba mwaka unaofuata.

Kwa hiyo tuweke masharti, na tuyaseme kwa sauti. Mwandaaji wa hafla ya hisani atangaze kabla ya usiku gharama zinatarajiwa kuwa kiasi gani na nani anazilipa, kisha atoe hesabu hadharani ndani ya miezi mitatu. Mwanamitindo anayealikwa alipwe, au iandikwe wazi kwamba amejitolea, na awe na haki ya kuona hesabu hizo kabla jina lake halijatumika tena. Vazi la jukwaani litajwe limeshonwa na nani, kwa kitambaa cha wapi, na litakwenda wapi kesho yake. Vyombo vya habari vinavyotuma mpiga picha kwenye zulia vitume mwandishi kwenye kijiji au zahanati iliyotajwa usiku ule, mwaka mmoja baadaye. Na sisi wasomaji, kabla ya kusambaza picha, tuulize imechangisha kwa ajili ya nani.

Masharti haya hayahitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Yanahitaji watu wachache wenye majina makubwa wayakatae mabango yasiyo na hesabu. Waliokwisha kusema hadharani juu ya ugonjwa, ukeketaji na msiba wa familia wamethibitisha kwamba mwanamitindo ana ujasiri wa kutosha. Kudai hesabu ya fedha zilizochangishwa kwa jina lake ni jambo dogo kuliko hayo, nalo ndilo litakalomnufaisha mtu ambaye hafla ile iliandaliwa kwa ajili yake.